Bibi Salme wa Zanzibar: ni kweli alitoroka na Mjerumani akiwa na mimba au ni chumvi za watembeza watalii?

Mdadisi_Ilala:
Wakuu naomba kueleweshwa. Kuna hii stori ya binti wa Sultani wa Zanzibar aliyependana na mzungu, jirani yake pale Mji Mkongwe, walikuwa wanaongea darini usiku mpaka mambo yakaharibika. Kila guide anaisimulia kivyake, mmoja anakwambia alitaka kuuawa na kaka yake, mwingine anakwambia kaka ndio alimsaidia. Mnaoijua historia yenyewe hebu mwageni hapa, na ile siri ya familia ambayo guide haisemi nayo muiweke.

Mtoto_wa_Bububu:
Kweli tupu hiyo sheikh wangu. Salme bint Said, kazaliwa 1844 Kasri la Mtoni, babake Seyyid Said ndiye yule aliyehamisha makao kutoka Maskati akaja kupanda karafuu huku, mamake suria wa Kicherkesi (watu wa milima ya Kaukazi) akiitwa Jilfidan. Nyumba yenyewe ilikuwa na masuria kwa makumi, na mzee alipofariki 1856 njiani baharini akitoka Oman aliacha watoto 36 walio hai, sasa we fikiria watoto 36 wa mama mbalimbali na urithi mmoja, hapo unatarajia amani?

Mwanamume ni Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Nyumba zilipakana. Mwaka 1866 mimba ikaanza kuonekana, hana ndoa, na mwenzake si Muislamu, kwa hiyo hapo hata asingekuwa binti wa mfalme pangechimbika. Kilichomuokoa ni mke wa daktari Mwingereza aliyekuwa akikaimu ubalozi, yeye ndiye aliyepanga mambo na manowari ya Kiingereza Highflyer. Agosti ile usiku wa Siku ya Mwaka, wanawake wote wanateremka pwani kuoga na hakuna wa kumuuliza mtu unakwenda wapi, yeye akaingia kwenye mashua na kwaheri Unguja. Akazalia Aden, kule akabatizwa wakamwita Emily, na siku hiyohiyo Mei 1867 wakafunga ndoa. Yule mtoto wa kwanza hakuishi, alifariki mwaka huohuo wakiwa njiani kwenda Ujerumani.

Sultani Majid, kaka yake, hakumgusa yule Mjerumani. Jamaa alibaki Unguja miezi kadhaa akimalizia biashara zake na akaondoka mzima mzima. Hiyo ya kutaka kuuawa na Majid ni tamthilia.

Kaka_Tabora:
Duh. Kwa hiyo Majid alikuwa mpole hivyo? Mimi niliambiwa masultani wote walikuwa makatili

Nahodha_Mstaafu:
Kaka Tabora mpole ndio, tena subiri usikie hii ambayo guide hawaisemi. Mwaka 1859, miaka saba kabla ya mimba, huyuhuyu Salme alishiriki njama ya kumpindua Majid! Binti wa miaka 15. Ndugu yao Barghash alikuwa anautaka utawala, dada yao Khole yuko upande wake, sasa shida ni nani ataandika barua za siri maana mabinti wa jumba walifundishwa kusoma Kurani tu, kuandika hapana. Salme alishajifunza mwenyewe kwa kificho, ananakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ndio akawa katibu wa njama.

Mambo yakavuja, askari wakaizunguka nyumba ya Barghash, chakula na maji hakuna. Wale mabinti wakamwendea usiku na kundi la wanawake, wakamvika Barghash mavazi ya kike gubigubi yakabaki macho tu, wakatoka naye mbele ya askari, na askari gani angethubutu kumfunua mwanamke wa nyumba ya kifalme? Akakimbilia shamba la karafuu lililoitwa Marseille. Kule wakapigwa kwa msaada wa Waingereza na Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni. Sasa yule unayemuona kwenye picha na ndevu zake, mjenzi wa Beit al Ajaib, aliokoka kwa buibui.

Majid akamsamehe dada yake. Na Salme naye akapatana na Majid, ndipo upande wa Barghash ukamhesabu msaliti.

Mama_Nassor:
Jamani mnaongea mimba mimba kama vile ndio jambo baya kuliko yote lililowahi kutokea kwenye ukoo ule. Mwaka uleule 1866 kule Sohar, Oman, Thuwaini, kaka yao mkubwa aliyetawala Maskati, aliuliwa na mwanawe wa kumzaa, Salim, akakalia kiti chake. Na baba yao mzee Said mwenyewe aliingia madarakani 1806 kwa kumuua binamu yake Badr. Wanaume wanauana kwa majambia na bunduki inaitwa siasa, msichana kapenda jirani ndio kashfa ya kusimuliwa miaka 150.

Tena maisha yake ya Hamburg hamuyasemi. Watoto watatu haraka haraka, halafu 1870 mume anaruka kwenye tramu ya farasi, anaanguka, anakufa. Mjane, baridi, lugha ya watu, mali ya mume ikampiga chenga. Akawa anafundisha Kiarabu apate kula.

Mdadisi_Ilala:
Daah hii ya 1866 sikuijua kabisa asante mama. Lakini si angerudi tu nyumbani? Ndugu yake ndio Sultani

Mtoto_wa_Bububu:
Majid kafa 1870 huohuo, kapanda Barghash, yule aliyeokolewa kwa nguo za kike. Hakutaka kumuona. 1875 Barghash yuko ziarani London, Salme kamfuata mpaka huko, Waingereza wakamzungusha kwa ahadi za kuwasaidia wanawe akiacha kumtafuta, akakubali, ahadi zikayeyuka. 1885 Bismarck, kansela wa Ujerumani, akamleta Unguja na manowari za Kijerumani wakati Wajerumani wanamkaba Barghash kuhusu bara. Barghash alipolegea kuhusu bara, Salme akawa hana kazi tena, wakamrudisha Ujerumani mikono mitupu. Watu wa mjini walimlaki vizuri mitaani, hilo Barghash lilimuudhi vibaya.

Mjukuu_wa_Manyema:
Samahani nitaharibu sherehe. Huyo bibi alichapisha kumbukumbu zake 1886 na humo anautetea utumwa, anaandika kwamba kwa Waarabu watumwa waliishi vizuri. Mababu zetu walipita Bagamoyo wakavushwa wakauzwa Mkunazini, soko la watumwa la Unguja, mpaka Barghash alipobanwa na Waingereza kufunga soko 1873. Yale mashamba ya karafuu mnayoyataja kwa raha yalilimwa na nani? Hamburg waliupa uwanja jina lake 2019, watu wakasoma maandishi yake vizuri, jina likaondolewa. Kwangu siri chafu ya jumba lile ni hiyo, mapenzi ya darini yanakuja mbali sana.

Mama_Nassor:
Mjukuu hapo sina la kubisha. Alionewa, na yeye naye hakuwaona waliokuwa wakimpepea.

Nahodha_Mstaafu:
Nakubali pia. Ila kwenye mirathi watu wanamlaumu Barghash bure. Sheria wanayoifuata inasema aliyeritadi, yaani aliyeuacha Uislamu, harithi, basi, hoja anayo mkononi. Na ongeza kwamba mdai mwenyewe kaja na manowari za Bismarck bandarini. Wewe Mdadisi dada yako akija kudai fungu la baba na mizinga imeelekezwa sebuleni kwako, utamfungulia mlango?

Kaka_Tabora:
Mimi nampa tu aisee, mizinga tena 😂