Maabara ndani ya setilaiti ndogo: kazi za mikono hufanywa na nani?

Mwalimu wa Baiolojia, Tukuyu
Habari zenu wanajukwaa. Niliwaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha tano kwamba mwaka 2006 Marekani ilirusha GeneSat-1, setilaiti ya takriban kilo 5 iliyobeba bakteria hai wa E. coli pasipo binadamu yeyote. Msichana mmoja akauliza: kama hapa shuleni ni lazima mtu achanganye chakula cha bakteria, apashe joto na kuchungulia kwa darubini, huko juu hayo yalifanywa na nani? Sikutaka kumpa jibu la kubahatisha. Naomba msaada wenu.

Fundi sanifu wa maabara, Uyole
Mwalimu, mpongeze binti huyo. Bakteria husafiri wakiwa wamedumaa kwa kukosa chakula, ndani ya vishimo vidogo sana. Setilaiti ikishafika kwenye mzingo wake, pampu na vali husukuma maji yenye sukari, hita hupandisha joto, nao huanza kukua. Badala ya darubini, taa ndogo humulika kila kishimo. Bakteria wale walikuwa wametiwa jeni ya protini inayong'aa kijani, hivyo kihisi hupima ukali wa mng'ao, na hupima pia ukungu wa maji, ambao huongezeka kadiri bakteria wanavyozaliana. Namba hizo ndizo zinazotumwa duniani kwa redio. Bakteria wenyewe hawarudi.

Kinachonistaajabisha zaidi ni viputo vya hewa. Kwenye chupa zetu kiputo hupanda na kupotea, lakini kule hakina juu wala chini, kwa hiyo kinaweza kunasa mbele ya mwanga na kuharibu kipimo chote.

Mhitimu wa fizikia, Iringa
Naongezea jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulikosea. Kwenye kimo cha kilomita 400 mvutano wa dunia haujaisha, bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa Iringa. Vitu huelea kwa sababu setilaiti na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja wakati wote huku vikiizunguka dunia. Pia waeleze kwamba kisanduku pacha huachwa ardhini chini ya joto na chakula vilevile, maana bila pacha huyo huwezi kujua tofauti imeletwa na nini. Mwaka 2009 setilaiti nyingine ndogo, PharmaSat, ilipima kwa namna hiyo nguvu ya dawa ya fangasi dhidi ya hamira.

Mwalimu wa Baiolojia, Tukuyu
Nawashukuru sana. Je, lipo jaribio tunaloweza kulifanya hapa kwetu?

Mhitimu wa fizikia, Iringa
Lipo, Mwalimu. Funga maharage yaliyoanza kuota kwenye kisahani kilichosimama wima, ukizungushe kwa mota ya betri yenye giya, mzunguko mmoja au miwili kwa dakika. Mvutano hauondoki, ila mzizi hukosa upande mmoja wa kuufuata. Kisahani cha pili kisimame hivyohivyo bila kuzungushwa, ndiye pacha wenu.

Mwalimu wa Baiolojia, Tukuyu
Maharage tutayaloweka Jumapili jioni, na yule msichana ndiye atakayepima mizizi.