Wakuu, marafiki wawili kwenye riwaya yangu wamegoma kupendana. Naombeni ushauri

binti_kalamu

Habari za muda huu wanajukwaa. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mdada wa miaka 27. Mchana nauza duka la dawa, usiku naandika hadithi. Nina kundi la WhatsApp lenye wasomaji 112, kila mmoja ananitumia buku kwa mwezi, na mimi narusha sehemu kila Jumanne na Ijumaa. Sio utajiri ila umeme na bando vinalipika.

Hadithi ya sasa ni ya wanamichezo wa chuo kikuu. Rehema anacheza netiboli, Baraka anacheza kikapu. Walijuana mwaka wa kwanza kwenye foleni ya usajili, jua la saa saba, Baraka akamshikia nafasi Rehema alipokimbilia kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Tangu siku hiyo chanda na pete. Bumu likichelewa wanagawana sahani moja ya chipsi kavu. Rehema anamwita "kaka", Baraka anamwita "mwanangu". Wazo nililitoa kwenye riwaya za Kimarekani ninazosoma kwenye simu, zile za wacheza hoki ya barafuni wanaopendana na marafiki zao. Nikasema na sisi vyuo tunavyo, michezo tunayo, tunakosa nini?

Sasa tatizo ni sehemu ya 14. Timu zimekwenda Dodoma kwenye mashindano ya TUSA, yale ya michezo ya vyuo vikuu, Rehema kakosa goli la mwisho, wamefungwa 31 kwa 30. Baraka anamkuta analia nyuma ya jukwaa. Nikaandika:

"Baraka alimtazama machoni kwa hisia kali. 'Rehema, siwezi kuficha tena. Nakupenda zaidi ya rafiki. Wewe ni kila kitu kwangu.' Moyo wa Rehema ulisimama. 'Hata mimi nakupenda, Baraka,' alinong'ona, na dunia nzima ikanyamaza."

Watu walicheka. Kundi zima! Mmoja akarekodi sauti anaigiza kama zile tamthilia za kutiwa Kiswahili, mdomo unasema hiki sauti inasema kile. Mwingine kadai arudishiwe buku lake. Na hawa ndio walionisumbua wiki sita nzima, "lini watasemezana, lini watasemezana".

Nimekosea wapi? Naomba kuwasilisha.

Chachandu

Umekosea kwenye foleni ya usajili. Mwanaume hamshikii mwanamke nafasi juani bure bure. Baraka alikuwa anavizia tangu siku ya kwanza, urafiki ulikuwa geresha. Uzi ufungwe.

binti_kalamu

Chachandu, kuna wanaume wenye marafiki wa kike na maisha yanaendelea.

Chachandu

Nitajie mmoja asiyesubiri.

Kocha_Mstaafu

Mapenzi nayaacha kwa wenyewe. Netiboli nimeifundisha miaka 19, shuleni na chuoni, kwa hiyo hapo nitasema.

Mke wangu yumo kwenye kundi lako. Nimeomba anionyeshe sehemu ya 9. Umeandika kwamba Rehema, "senta machachari", aliwapiga chenga mabeki wawili, akakimbia na mpira hadi golini, akafunga. Binti, kwa sentensi hiyo moja refa angepuliza filimbi mpaka mate yakauke. Netiboli hakuna kudundadunda mpira ukikimbia nao. Ukiudaka una sekunde tatu, uwe umeshautoa. Na senta hafungi! Kati ya wachezaji saba wanaofunga ni wawili tu, GS (goal shooter) na GA (goal attack), ndizo herufi wanazovaa kifuani, na lazima wawe ndani ya nusu duara ya golini. Kwa hiyo kama unataka Rehema akose goli la mwisho, mvalishe GS kuanzia sehemu ya kwanza.

Halafu una kitu kizuri mkononi hujakitumia. Netiboli na kikapu ni ndugu wa tumbo moja. Kikapu kilibuniwa Marekani mwaka 1891 na James Naismith, muongo huohuo Waingereza wakakigeuza kuwa mchezo wa wasichana, ndiyo netiboli hii. Pete zote mbili ziko mita 3.05 kutoka chini. Tofauti ni kwamba ya netiboli haina ubao nyuma. Mcheza kikapu amezoea ubao umsamehe. Mlete huyo Baraka jioni kwenye uwanja wa akina dada, mpe mpira, mwambie afunge. Nimewaona vijana warefu, manahodha, wanarusha kumi wanapata mbili, na wasichana wamekaa chini wanashika mbavu. Ukitaka mwanaume aonekane mtu, mwonyeshe anashindwa kitu ambacho rafiki yake anakiweza amefumba macho.

La mwisho. Mlinzi anatakiwa akae futi tatu kutoka mguu wa mwenye mpira, sentimita 90 hivi. Anaruhusiwa kunyoosha mikono, anaruhusiwa kuruka, ila akisogea ndani ya hizo futi tatu ni faulo. Wewe ndiye mwandishi, mimi nimekuonyesha tu.

binti_kalamu

Kocha, shikamoo. Nimesoma mara tatu. Nilicheza rede tu mimi, netiboli nilikuwa natazama dirishani.

Kocha_Mstaafu

Marahaba. Ilionekana.

Mwendo_wa_Umeme

Swali nje ya mada: kwa nini wanakwenda Dodoma na Coaster siku nzima? Treni ya SGR ipo tangu 2024, Dar mpaka Dodoma hata masaa manne hayafiki.

binti_kalamu

Kwa sababu Rehema anasinzia begani kwa Baraka kuanzia Chalinze mpaka Gairo. Kwenye SGR kila mtu na kiti chake, na kabla hajafumba jicho mmefika. Pia chuo kina Coaster yake, nani atawakatia tiketi watu wote hao?

RagaDamu

Salamu kutoka Nairobi. Nimecheza raga chuoni, si timu kubwa kama Mean Machine ama Blak Blad, sisi tulikuwa wa kupigwa tu. Nikwambie ukweli, nilikusoma nikajiuliza hawa wanamichezo wako wanaumia saa ngapi? Hakuna kifundo kimevimba, hakuna mtu ananuka dawa ya kuchua. Mimi msichana niliyempenda alikuwa beshte, anasomea uhasibu, raga hata haelewi. Jumamosi moja nimevunjika kidole, akanikatia nyama kwa sahani bila kuniuliza, akaendelea kupiga stori na watu wengine. Hakuniangalia hata. Nilimaliza ile nyama sijui ilikuwa mbuzi ama ng'ombe.

Chachandu

Mkaoana?

RagaDamu

Aliolewa Eldoret. Si na mimi.

Mbeba_Boksi

Niko Michigan, karibu na Ann Arbor. Niseme kuhusu hizo riwaya za Kimarekani ulikotoa wazo, maana nadhani umechukua gari ukaacha injini.

Uwanja wa mpira wa Kimarekani wa chuo cha hapa una nafasi rasmi 107,601. Mechi ya wanafunzi hiyo. Barabara zinafungwa, wazee wa miaka 80 wanavaa rangi za chuo. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, kwa hiyo kuna kijana wa mwaka wa pili ana gari ambalo profesa wake hana. Ndiyo maana kwenye riwaya zao mapenzi yana kitu cha kugombana nacho: pesa, ufadhili wa masomo, ligi ya kulipwa inayomwita jamaa jimbo jingine. Ukimpenda rafiki yako unaweza kupoteza vyote.

Sasa kwako mechi inachezwa saa nane mchana, watazamaji ni timu inayosubiri zamu yake na mama wa ubuyu. Sio dharau, nilicheza hivyohivyo, tena nilipewa traksuti ya juu tu, ya chini ikawa "inakuja". Lakini Rehema akikosa goli anapoteza nini? Hujatuambia. Kwetu msichana anayejua kufunga anaweza kuonwa na timu za majeshi, na hiyo ni ajira, sio kombe la bati. Mweke mtu wa timu kama hiyo jukwaani siku hiyo, na daftari lake. Baraka anajua Rehema akichukuliwa wataachana. Akikosa goli, kuna sehemu ndogo ndani ya Baraka inayofurahi, na anajichukia kwa hilo. Hapo hata kama hasemi kitu, mimi nitaendelea kusoma.

binti_kalamu

Mbeba Boksi umeniharibia usingizi. Hilo la kufurahi kidogo nalichukua lilivyo.

Mama_Wawili

Mwanangu pole, na hongera kwa kalamu. Ngoja nikupe yangu.

Mume wangu nilisoma naye chuo cha ualimu. Nilikuwa namwita kaka. Na sisi wa Tanga ukishamwita mtu kaka umefunga mlango na ufunguo umeutupa kisimani. Tunabebeana madaftari, ananisindikiza sokoni, mama anamjua, hakuna anayenyanyua hata nyusi, kaka yake huyo. Ikaja likizo ndefu. Kurudi, nipo stendi nangoja mizigo yangu, namwona anashuka basi la pili, kabeba mkungu wa ndizi begani. Nikafungua mdomo nimwite. Kaka likagoma kutoka. Nikasema basi nimwite jina lake, nalo sijawahi kulitamka hivihivi tupu, naona haya. Nikaishia "We! We!" Stendi nzima ikageuka, wapiga debe wanaitika kwa niaba yake.

Kuanzia siku ile hakuwa na jina. Nikimtaka ni "eti", "sikia", "huyo". Miezi miwili. Nilidhani hajagundua. Siku tunatoka maktaba akaniuliza, "Hivi mimi siku hizi naitwa nani?" Sikumjibu, nikatangulia mbele. Alijua, na mimi nikajua kwamba kajua. Tuna miaka 22 ya ndoa, na hilo neno nakupenda amelisema mara moja, tena malaria ilikuwa imempanda kichwani.

Kwa hiyo hiyo "nakupenda zaidi ya rafiki" yako haina kosa la sarufi, ila hakuna mdomo wa kwetu unaoitoa. Imetoka kwenye maandishi ya chini ya skrini. Wewe umeshajenga ukuta wako vizuri kabisa, tena tangu sehemu ya kwanza: kaka na mwanangu. Halafu ulipofika kwenye ukuta ukauzunguka. Usiuzunguke.

Chachandu

Mama Wawili, sasa huyo mzee si alikuwa anavizia toka mwanzo?

Mama_Wawili

Niliyekuwa navizia ni mimi, ila sikujijua.

binti_kalamu

Wakuu nimerudi. Jana sikulala. Nimefuta sehemu yote ya 14, na sehemu ya 9 nayo nimeifumua, Rehema sasa ni GS tangu mwanzo. Jamaa wa daftari yumo jukwaani, ameondoka kabla ya filimbi ya mwisho. Kile kipande kilichochekwa sasa kiko hivi, kipigeni msinionee huruma:

"Baraka alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Futi tatu, kama mlinzi anayeogopa filimbi. Herufi za GS bado zilikuwa kifuani kwa Rehema, S imebanduka kona moja. Upande wa pili wasichana walioshinda walikuwa wanaimba wakipiga ndoo. Rehema alingoja aambiwe 'mwanangu, twende tukale', kama siku zote wakifungwa.

'Rehema.'

Miaka mitatu, hakuwahi kulisikia jina lake kwenye mdomo ule. Alijua majibu yaliyozoeleka: nini, sema kaka, niache bwana. Alisikia mwenyewe anajibu kingine.

'Abee.'

Ngoma ya ndoo ikaendelea. Baraka aliangalia viatu vyake. Rehema akatoa simu mfukoni, akajifanya kuna meseji anasoma."

RagaDamu

Iko sawa sana. Lakini abee ni nini? Huku kwetu mtu akiitwa anasema "eeh".

Mama_Wawili

Abee unamwitikia mama, bibi, mwalimu. Na mumeo. Humwitikii mtu unayegombania naye chipsi. Mwanangu, nimesoma nimesimama jikoni, wali umeshika chini.

Chachandu

Nimerudi kwenye uzi nilioufunga mwenyewe. Hiyo namba ya kutuma buku ni ipi?

Mbeba_Boksi

Na hajui kama Baraka alifurahi alipokosa. Lini atajua? Usimwambie mapema.

binti_kalamu

Sehemu ya 19. Nisitoe zaidi.

Kocha_Mstaafu

Futi tatu umeitumia vizuri kuliko wachezaji wangu wengi. Kosa moja. Ametoka uwanjani sasa hivi, hata hajavua herufi. Sketi ya netiboli haina mfuko. Hiyo simu ameitoa wapi?

binti_kalamu

Kocha jamani!

Haya, nimebadilisha. Simu anayo Baraka. Anayo tangu robo ya kwanza, na mama yake Rehema amepiga mara mbili, akapokea.