MJADALA: Biodizeli kwenye pikapu zetu, iuzwe sheli au ibaki kwenye madumu ya uani?

Wakuu, habari za muda huu.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta Tanzania, ikishatangaza bei kikomo, lazima aibuke mtu na wazo lilelile: mafuta yaliyokaangia chipsi yageuzwe biodizeli, yaani dizeli ya mafuta ya mimea, Hilux itembee. Mwingine anamjibu kwamba injini itakufa, wa tatu anauliza kama tumeshasahau mibono ya Kisarawe, ile mimea ya mbegu za mafuta iliyolimwa kwa ajili ya biodizeli. Wote wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia lake.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Iruhusiwe kuuzwa, lakini itengenezwe kwa mafuta yaliyokwisha kutumika jikoni tu, isizidi asilimia 20 ya mchanganyiko, na ipimwe kama dizeli nyingine yoyote. Kulima mashamba mapya kwa ajili ya matanki ya magari, hapana.

Tuanze na injini. Mafuta ya kula si biodizeli. Ni mazito mno, nozo (vipulizia mafuta ndani ya injini) hazipulizi vizuri, yanaacha masizi magumu na ringi za pistoni zinanata. Biodizeli inapatikana mafuta yakichujwa, yakatolewa maji, kisha yakachanganywa na methanoli iliyoyeyushiwa kostiki soda, kiasi cha lita 20 za methanoli kwa lita 100 za mafuta. Yakitulia, glisirini nyeusi inazama na juu inabaki biodizeli yenye rangi ya asali. Hapo kazi bado: inaoshwa kwa maji, inakaushwa. Anayemimina mafuta ya kikaangio moja kwa moja kwenye tanki halafu analaumu biodizeli, anaisingizia. Na wale wanaopenda kutukumbusha kwamba mwaka 1900 pale Paris injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, ni kweli, ila injini ile haikuwa na nozo za umeme.

Pikapu za zamani zenye pampu ya kawaida, mfano Hilux za injini ya 3L na 5L au Land Cruiser ya injini ya 1HZ, zinaimeza asilimia 20 bila neno. Badilisha filta mapema tu, maana biodizeli inang'oa uchafu wa miaka kwenye tanki na wote unaishia hapo. Kagua na mipira ya mafuta, ya raba ya asili huvimba ikaanza kuvuja. Nguvu? Biodizeli tupu ina nishati pungufu kwa karibu asilimia 8 kwa lita, kwa hiyo kwenye mchanganyiko wa asilimia 20 dereva hagundui kitu. Kuna na faida isiyosemwa sana: dizeli ikipunguzwa salfa hupoteza ulainishaji, na biodizeli hata asilimia 2 inaurudisha.

Kwa injini za kisasa zaidi za Toyota zenye nozo za umeme, 1KD na 2KD, hapo mwendo wa pole. Mafuta yanasukumwa kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, na tone la maji au sabuni iliyobaki kwenye biodizeli mbovu linatosha kukupeleka kwa fundi. Zile mpya zenye chujio la moshi kwenye ekzosi nazo zina lake: mafuta yanayopulizwa ili kuunguza masizi, yakiwa na biodizeli nyingi, hayapai vizuri. Yanateremka na kuchanganyika na oili ya injini.

Sasa ardhi. Kisarawe kampuni ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 ilime mibono, na mwaka 2011 shughuli zikasimama. Wanavijiji wakabaki bila ardhi na bila ajira. Kilwa, BioShape ya Waholanzi nayo ilipata takriban hekta 34,000 na ikafilisika. Nchi yenyewe inaagiza mafuta ya kula kutoka Malaysia na Indonesia, halafu tulime mafuta ya kuchoma?

Na la upimaji. Mnakumbuka enzi za kuchakachua dizeli kwa mafuta ya taa, pampu zinakufa kila kona. Ilibidi EWURA waweke vinasaba (kemikali ya alama inayofichua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili mchezo usilipe. Biodizeli ikiingia bila viwango, mchakachuaji atapata jina zuri la kujifichia.

Nawasilisha.

FUNDI PAMPU, MBEYA
Mkuu umeongea, lakini unaongea ukiwa Dar. Mafuta mengi ya chipsi ni ya mawese, na biodizeli yake inaanza kuganda kwenye nyuzi 13 hivi. Huku Juni na Julai, Makete na Njombe alfajiri ni chini ya hapo. Filta inajaa nta, gari haliwaki, mteja ananipigia mimi. Hata ukiichanganya kuna hatari. Halafu inavuta maji kuliko dizeli, na gari la shamba linaweza kulala mwezi mzima na nusu tanki. Ninyi pigeni hesabu ya lita, mimi napiga ya nozo nne.

MUUZA CHIPSI, MWANZA
Kaka, mafuta yangu yaliyotumika hayamwagwi. Wa kwanza kuja ni anayetengeneza sabuni, wa pili ni wale wa kukaangia mihogo, na hao wa pili sipendi kuwauzia ila ndio wanaolipa. Huyo wa biodizeli akija na bei nzuri nampa leo hii. Akitaka bure kwa kisingizio cha mazingira, apite.

MDAU, MAKUENI
Mimi nakupinga kwa hilo la mashamba. Hapa mjini Wote, Kenya, kuna kiwanda cha Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, kilichofunguliwa 2022, kinakamua mbegu za mbarika (mnyonyo) na nyinginezo. Mbarika inastahimili ukame pahali mahindi yanakauka kila msimu. Usimpangie mkulima wa nyanda kavu eti kwa sababu Kisarawe waliporwa. Yule anapanda kwa shamba lake mwenyewe.

MLETA MADA
Wa Makueni, tofauti hiyo naikubali, shamba lake ni lake. Ila mafuta ya kiwanda hicho yanapelekwa kusafishwa Sicily, Italia. Pikapu ya huyo mkulima inaendelea kutumia dizeli inayoletwa na meli. Tuambie bei ya kilo ya mbegu inapangwa na nani.

Dada wa Mwanza, umenipa hoja niliyoihitaji. Mafuta hayo yakiishia kwenye tanki, hayarudi kwenye sahani ya mtu.

Fundi, la baridi halina ubishi. Mikoa ya nyanda za juu ishuke hadi asilimia 5 miezi hiyo, au isiuzwe kabisa. Kuhusu ubora, kuna kipimo chepesi: chupa nusu biodizeli nusu maji, tikisa kwa nguvu, acha nusu saa. Vikitengana safi, inakaribia kufaa. Katikati ikibaki tabaka nzito nyeupe, ina sabuni au mafuta ambayo hayakugeuka, usiitie. Hicho ni cha mnunuzi kujikinga tu, maabara iko palepale.

Swali linabaki kwenu: nani agharamie maabara hiyo, muuzaji au tozo kwenye kila lita?