Tupeane uzoefu: kumpiga bibi au babu picha dirishani bila flashi

Binti_Manzese:
Wadau habari za Jumapili. Nimetoka msibani mtaa wa pili hapa, picha iliyowekwa mbele ya jeneza imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, begani kwa marehemu kuna vidole vinne vya mtu ambaye hayupo. Nimeumia kwa kweli, mzee wa watu umri wote ule hana picha yake mwenyewe! Mi bibi yangu yupo, mweusi mzuri, ana mikunjo yake, ila nikimpiga na flashi uso unang'aa kama kapakwa mafuta. Nataka nimpige pale dirishani chumbani kwake. Mliowahi, mlimkalishaje, saa ngapi, na mlimshawishi vipi?

Fundi Picha Ilala:
Dada, zima taa ya ndani kwanza. Balbu ina rangi yake na mwanga wa nje una rangi yake, vikichanganyika shavu moja linatoka la njano jingine la bluu na hapo hata uediti vipi haikai sawa. Usimkalishe mgongo kwa dirisha maana simu itapima mwanga wa nje na bibi atatoka kivuli kitupu. Dirisha liwe ubavuni kwake, halafu ageuze uso taratibu kuufuata mwanga mpaka uone kidoa cheupe kimeingia macho yote mawili, hapo mwambie atulie. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kikitokea kile kialama cha jua kivute chini kidogo, kwa sababu simu nyingi zikiona ngozi nyeusi zinalazimisha kuifanya nyeupe. Upande wenye giza mtu ashike shuka jeupe, linarudisha mwanga. Basi.

mzee_wa_kibaha:
Na wavu toa. Nondo pia angalia, jua likipiga moja kwa moja zinamchora mistari usoni.

Pwani Tulivu:
Samahani mleta mada lakini kumpiga bibi yako picha huku unawaza jeneza ni uchuro. Mpige kwa mapenzi, hayo mengine muachie Mungu.

Binti_Manzese:
Kwa mapenzi ndiyo nimeuliza.

mama wawili:
Uchuro gani bwana, mama yangu mwenyewe ndiye alichagua gauni akasema "hii ndiyo mtaniwekea". Wazee wanajua kuliko sisi, tunaogopa sisi watoto.

Mchaga Halisi:
Mmenikumbusha mbali. Babu mzaa mama, kule Kibosho, alikuwa na mtoto wa jicho kwa hiyo mwanga mkali unamuumiza, nikatundika pazia jeupe jepesi dirisha la sebuleni, akavaa koti lake la suti na kofia, akasema hapigwi picha mpaka ashike picha ya bibi. Sasa picha ya bibi alikuwa anaitunza kwenye bahasha moja na karatasi za shamba, ikabidi tuimwage yote mezani. Ndiyo tu nimeinua simu, mjomba huyo mlangoni. Akaona mzee kavaa suti, karatasi za shamba zimetandazwa, mimi na simu. "Kumbe ndiyo kazi iliyokuleta!" Simu akaninyang'anya, akatoka mbio akarudi na mwenyekiti wa kitongoji na majirani wamejaa uani, mama yangu analia, mjomba anasema tunamsainisha mzee urithi. Babu hakujibu kitu muda wote. Mwishoni akagonga fimbo chini akamwambia mjomba, rudisha simu ya mtoto, halafu wote tokeni mmeniziba mwanga. Nikapiga. Ukiikuza ile picha, kwenye jicho lake la kulia unaliona dirisha zima na nondo zake. Mjomba na mama hawaongei mpaka leo.

mzee_wa_kibaha:
Daah. "Mmeniziba mwanga." Mungu amrehemu huyo mzee. Shamba liliishaje?

Mchaga Halisi:
Lipo kwa wazee wa ukoo. Nisiseme zaidi.

Kamau_wa_Murang'a:
Cucu wangu, yaani bibi, ukimwambia "tabasamu" anakaza uso kama anapigwa ya kitambulisho. Nilimpa maharagwe achambue hapo dirishani, nikaongea naye kuhusu ng'ombe, akasahau simu kabisa. Mpe kazi ya mikono.

Fundi Picha Ilala:
Hilo sikubaliani nalo mkuu. Heshima ya mzee ni kukaa akajua anapigwa picha, akakuangalia. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako kule Mali, alifungua studio 1948, wateja wake wengi aliwapiga uani kwa mwanga wa jua, na mara nyingi picha moja tu kwa mteja maana filamu ilikuwa ghali. Angalia watu wake walivyokaa. Wewe ukipiga mia mzee anachoka.

Kamau_wa_Murang'a:
Hao walienda studio wenyewe, wamevaa wakajipanga. Cucu hajaomba studio. Na mimi napiga nyingi, wazee hufumba macho sana.

Bi Ushungi:
Muulizeni kwanza jamani. Bibi yangu hapa Mji Mkongwe alikataa uso, akasema mikono ruhusa. Nyumba ya mawe, ukuta mnene, mwanga ukifika ndani umeshapoa, nikampiga mikono na tasbihi, hina imebaki kwenye kucha tu. Kila mtu wa kwetu akiiona anajua ni ya nani.

Pwani Tulivu:
Hiyo nimeipenda.

Binti_Manzese:
Asanteni sana. Dirisha lake linatazama mashariki, nitatoa wavu, nisubiri kama saa tano jua lipande juu ya bati. Bibi kasema anataka kitenge, kanga hataki. Nikienda kuosha, karatasi ya kung'aa au isiyong'aa?

mama wawili:
Ya kung'aa, rangi ya kitenge inatoka.

Fundi Picha Ilala:
Isiyong'aa. Utaitia kwenye fremu ya kioo, ya kung'aa ikigusana na kioo kipindi cha mvua inaganda na haibanduki. Na uoshe mbili.