Wameniibia baiskeli kwenye banda la gari nyumbani, ninunue kufuli gani?

Mgeni wa Goba
Wakuu habari za usiku. Usiku wa kuamkia juzi wameniibia kwenye banda la gari hapa nyumbani Goba. Banda lina ukuta wa tofali pande tatu, juu mabati, mbele geti la chuma la milango miwili linalofungwa kwa kufuli katikati. Humo naweka pikipiki (usiku ule sikuwa nayo) na baiskeli mbili za mtumba wa Japani, inchi 26, gia 18. Tangu hapo usingizi sina. Naomba anayejua anitajie kufuli lisilokatika, bajeti elfu hamsini. Kuna duka wameniambia la kwao hata grainda haliligusi.

Fundi Nondo
Hakuna kufuli ambalo grainda haliligusi, huyo muuzaji mpishe. Kwa hela hiyo unanunua dakika tu, lakini dakika nazo ni mali kwa sababu grainda lina kelele. Chukua lenye upinde wa milimita 10 kwenda juu. Ukiwa dukani omba tupa, pitisha mara mbili kwenye upinde: ikiteleza bila kuacha alama, chuma ni kigumu, ikitoa unga, hicho mkasi wa kukatia nondo unakila kama muwa. Upinde uwe mfupi, usibaki uwazi wa kupenyeza mtaimbo.
Hilo la zamani lilikatwa wapi? Kwenye upinde au lile bati la kupitishia kufuli?

Mgeni wa Goba
Ahsante sana mkuu. La zamani tuliache, yameshapita. Nataka la mbele.

Kijiwe Namba Tisa
Kwa elfu hamsini nunua bata mzinga wawili. Kamera zinazimika umeme ukikatika, bata mzinga ana chaji muda wote.

Spoku ya Nyuma
Mnabishana geti wakati baiskeli imesimama peke yake ndani. Ifunge kwenye sakafu. Chimba shimo sentimita 40 kwa 40, kina 40. Chukua nondo ya milimita 16, ipinde umbo la U, miguu yake uitanue chini iangalie nje, ikibaki wima itachomoka kama jino. Zege: ndoo moja saruji, mbili mchanga, tatu kokoto, nusu mfuko wa kilo 50 unatosha shimo hilo. Kichwa cha U kibaki juu ya sakafu kiasi cha kupitisha mnyororo tu. Mwagilia siku saba kabla ya kukiamini.
Mnyororo nao pima kwa tupa. Ule unaouzwa kwa mita wa kufungia mbuzi ni chuma laini. Upite kwenye fremu, sio kwenye tairi la mbele peke yake, na kufuli lisilale sakafuni, kwa sababu mtu anaegemeza mkono mmoja wa mkasi chini na kukandamiza mwingine kwa uzito wa mwili. Liweke usawa wa siti. Zile waya zilizovikwa plastiki ni za kuzuia mtoto asipande, basi.

Dereva Mstaafu
Umenikumbusha mwaka 2009 nikiwa Morogoro, kuna jamaa alikuwa na Phoenix yake nyeusi, sasa siku hiyo mvua...

Spoku ya Nyuma
Mzee wangu, Phoenix ya Morogoro tunaijua mpaka idadi ya spoku zake. Turudi Goba.

Fundi Nondo
Mgeni, umekwepa swali. Nauliza mara ya pili. Kufuli lilikatwa au bati liling'olewa? Dawa ya hili sio ya lile. Kama waliingia juu kwa kung'oa misumari ya mabati, kufuli la laki mbili halikusaidii. Hapo unatandika wavu wa BRC, ule wa vyuma vilivyochomelewa, chini ya kenchi na kuufunga kwenye mbao kila sentimita 30.

Mgeni wa Goba
Sawa. Kufuli halikukatwa. Asubuhi nimelikuta limefungwa kama nilivyoliacha. Bati zima, mabati hayajaguswa.

Kijiwe Namba Tisa
Ahaa. Na funguo ziko ngapi?

Mgeni wa Goba
Tatu. Mimi, mke wangu, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tunaishi naye tangu mwezi wa pili. Ndio maana sikutaka kuyasema. Na kabla hamjanirukia, nimeshaamua. Nimemwambia Jumamosi arudi kwao Singida. Nimemkatia na tiketi. Mtu hana kazi, anarudi saa tano usiku, ufunguo anao. Nifikirie nini tena?

Bibi Mkarafuu
Mwanangu, shemeji ni damu ya mkeo. Umemfukuza mtoto wa watu bila kumkalisha chini mbele ya wakubwa? Ukweni utaingia kwa mlango gani? Nyumba haijengwi kwa kushukiana. Mpigie baba mkwe kwanza.

Mgeni wa Goba
Mama shikamoo. Nakuheshimu lakini baiskeli niliinunua laki tatu na nusu, hukunichangia.

Fundi Nondo
Tiketi ni yako. Mimi naongelea chuma. Kufuli lako unalifunga kwa kubonyeza tu, bila ufunguo?

Mgeni wa Goba
Ndiyo, unabonyeza linalia ka.

Fundi Nondo
Basi halithibitishi kitu. Ndani lina kilimi kimoja chenye springi. Mjuzi analifungua bila ufunguo na kulibonyeza tena, hutaona alama. Halafu makufuli ya bei chee hutoka kiwandani na mikato michache ya funguo, ufunguo wa jirani unaweza kulifungua lako. Linalohitaji ufunguo hata kulifunga, na ambalo upinde wake unashikwa kwa gololi pande zote mbili, halichezewi hivyo. Tafuta hilo.

Tupa Nusu Duara
Ngojeni wakuu. Naona hii ni chai. Kufuli zima, geti zima, mabati mazima, baiskeli imeyeyuka? Juu anasema zilikuwa mbili, huku chini ni "baiskeli niliinunua". Zimeibwa mbili au moja? Na mwizi gani anaacha nyingine? RB, namba ya taarifa ya polisi, hajataja. Huyu kagombana na shemeji yake, anatafuta watu wa kumuunga mkono.

Kijiwe Namba Tisa
Chai ya tangawizi kabisa. Leta picha ya geti.

Mgeni wa Goba
Sina haja ya kudanganya watu nisiowajua. Zilikuwa mbili, imekwenda moja. Iliyobaki haikuwa na tairi la mbele, nilipeleka ringi kwa fundi ibadilishwe spoku sita. RB sijachukua kwa sababu niende polisi nikamtaje shemeji yangu?

Spoku ya Nyuma
Umejijibu mwenyewe. Isiyo na tairi la mbele haipandiki, haisukumiki vizuri, imebaki. Kuanzia leo kila usiku tairi la mbele linalala chumbani. Kama ni la mkono wa kufungulia, sekunde kumi. Kama ni la nati, spana namba 14 au 15. Usisahau kuweka kipande cha mbao kati ya pedi za breki kama ni breki za sahani za mafuta, mtu akibonyeza breki sahani haipo pedi zinabanana.
Na RB hauendi kumtaja mtu. Unataja mali. Ile taarifa ya kupotelewa ya mtandaoni ni ya vitu vilivyopotea. Wizi fungua kituoni. Peleka namba ya fremu: mara nyingi imegongwa chini ya kitovu cha pedeli, igeuze baiskeli juu chini utaiona. Uliiandika?

Mgeni wa Goba
Hapana. Nina risiti na picha ya mtoto amekaa juu yake.

Spoku ya Nyuma
Picha itaonyesha mikwaruzo na stika, ikuze. Hiyo iliyobaki iandike namba leo. Pia chomoa siti, andika jina na simu kwenye karatasi, ifunge kwenye nailoni, isukume ndani ya bomba la siti. Fremu ikipigwa rangi upya karatasi inabaki. Ukiona yako inauzwa, jifanye mnunuzi, omba picha ya chini ya pedeli. Pakiwa na alama za tupa au rangi mbichi, nenda na askari. Usitangulie na hela. Na anayeinunua huku akijua ni ya wizi ana kesi yake, kifungu cha 311, Kanuni ya Adhabu.

Fundi Nondo
Tupa kauliza swali zuri bila kujua. Geti zima, kufuli zima. Mgeni, bawaba zako zikoje? Ni zile za vipande viwili, cha chini kina pini na cha juu kinakaa juu yake kama kofia?

Mgeni wa Goba
Ndiyo, zote nne. Ni za kawaida za mafundi wetu.

Fundi Nondo
Chukua tochi. Mlango mmoja ukiinuliwa kwa mtaimbo sentimita nne tu unatoka kwenye pini zote mbili, kufuli likiwa limefungwa. Unauvuta pembeni, kufuli lenyewe linageuka bawaba. Ukimaliza unaurudisha. Angalia: rangi iliyochubuka kwenye ukingo wa chini, saruji iliyomeguka hapo chini, na grisi ya pini kama imefutika upande mmoja tofauti na mwingine.

Tupa Nusu Duara
Sasa atarudi aseme amekuta zote tatu. Mnamfundisha majibu.

Mgeni wa Goba
Nimetoka kuangalia. Mlango wa kushoto chini rangi imechubuka mahali pawili, na sakafu imemeguka kama ukubwa wa sarafu. Wa kulia hauna kitu. Grisi sijui, vumbi limejaa. Inawezekana ilichubuka siku ya kufunga geti.

Fundi Nondo
Palipochubuka pana kutu au pang'avu?

Mgeni wa Goba
Pang'avu.

Fundi Nondo
Geti lina muda gani?

Mgeni wa Goba
Miaka mitatu.

Bibi Mkarafuu
Sasa kampigie shemeji yako.

Fundi Nondo
Piga picha kabla hujagusa, zipeleke na RB. Halafu ita fundi wa kuchomelea. Kipande cha nondo milimita 10, urefu sentimita tatu, kichomelewe kwenye fremu ya ukutani, sio kwenye mlango, juu kidogo ya kofia ya bawaba ya juu. Uwazi usizidi milimita tatu, ukiwa sentimita moja umefanya pambo. Fanya kila mlango. Na lile bati la kufuli kama limefungwa kwa skrubu zinazoonekana nje, litolewe, uweke boliti za kichwa cha mviringo, nati ndani, kisha nati zigongwe pointi ya weldi.

Mgeni wa Goba
Fundi anakuja kesho saa mbili, kasema elfu kumi na tano zote. Shemeji hakusubiri Jumamosi, kaondoka na basi la alfajiri, simu haipokei. Ufunguo kauacha juu ya friji.

Fundi Nondo
Mwambie akwangue rangi kwanza, weldi juu ya rangi haishiki. Na pikipiki itoe nje kabla hajawasha mashine, tangi lina petroli.