Oktoba ya wino inakuja na sina cha kuchora: wachoraji wa Dodoma, naomba ushauri

Peni Nyeusi
Wakuu, habari za humu.

Kuna ile changamoto ya Inktober aliyoianzisha Jake Parker wa Marekani mwaka 2009: siku 31 za Oktoba, michoro 31 ya wino. Mwaka jana nilijaribu nikaishia siku ya tisa. Mkono haukuchoka. Narudi kutoka kazini saa mbili usiku, nakaa, kauntabuku liko mbele yangu, naanza kujiuliza leo nichore nini. Inafika saa nne nimechora duara moja na jina langu.

Orodha yao ya maneno ipo, neno moja kwa kila siku. Shida ni kwamba nikisoma neno la Kiingereza, kinachonijia ni picha niliyowahi kuiona kwenye simu, basi najikuta nanakili mazimwi ya watu. Nipo Area C, vifaa vyangu ni peni za kawaida na brashi moja ndogo. Nyie mawazo mnayatoa wapi? Na je, lazima kila siku kiwe kitu kipya?

Dereva wa Nzuguni
Mkuu, uko Dodoma halafu unakosa cha kuchora? Mlima Simba, jengo la Bunge, mashamba ya zabibu, stesheni ya SGR. Tayari siku nne hizo.

Peni Nyeusi
Hayo napita mbele yake kila siku mkuu, ndiyo maana siyaoni tena. Bunge nimelichora mara mbili, likatoka kama kadi ya mwaliko.

Fundi Mabango
Kijana, mimi naishi kwa brashi, naandika mabango ya saluni na maduka. Unatafuta wazo saa ileile unayotakiwa kuchora, hapo ndipo unapokwama. Nunua kijidaftari cha mfukoni. Mchana unaandika tu, usiku unachagua.

Ila uandike vizuri. Usiandike jina la kitu, andika kinachofanyika. "Mbuzi" hachoreki, utaishia kuchora mbuzi wa kitabu cha darasa la kwanza. "Mbuzi anakula tangazo la mganga lililobandikwa ukutani" huyo anachoreka, maana unajua shingo imekaaje na karatasi imechanika wapi. Yangu ya wiki hii: bodaboda kalala juu ya pikipiki, miguu kwenye usukani. Mama wa karanga anajaza kikopo, kisha anadondosha punje tatu za nyongeza kama anatoa dhahabu.

Mjukuu wa Mvumi
Si lazima kila siku kitu kipya. Mwaka mmoja nilichora mbuyu mmoja siku saba, na sijawahi kujifunza wino kama wiki ile. Oktoba huku mibuyu mingi bado haina majani, matawi yako wazi kama mizizi, unaelewa kwa nini wazee wanasema ulipandwa kichwa chini.

Siku ya kwanza mti mzima. Ya pili gome peke yake. Gome la mbuyu usilichore kwa mistari iliyonyooka kama mbao. Limejikunja kama ngozi ya goti la tembo, na pale watu walipobandua kamba zamani limeota upya likaacha kovu lenye kingo nene. Nililaza peni, nikaweka mistari mifupi inayofuata mkunjo, na kwenye kovu nikapisha mistari juu ya mistari hadi pakawa peusi. Siku zilizobaki nikahamia kwenye buyu: zima, lililopasuliwa, mbegu na unga wake mweupe. Ule unga ndio ulionitesa, kwa sababu kwenye wino cheupe ni kile usichokigusa.

Mbishi Asiyechoka
Siku saba mti mmoja? Si uvivu huo jamani? Mimi nachukua hadithi. Wenyeji husimulia kwamba jina Dodoma limetokana na "idodomia" ya Kigogo, mahali alipodidimia tembo aliyekuja kunywa maji. Chora anavyofika. Chora anavyozama. Chora sikio lililobaki juu ya tope. Chora aliyekuja na ndoo kesho yake asubuhi. Siku nne, na hakuna aliyenakili simu.

Mrangi wa Kolo
Ukipata Jumamosi, panda gari la Kondoa, uendelee hadi Kolo. Michoro ya miambani kule iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Uliza ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, wakupe mwongozaji. Utaona watu wembamba wa rangi nyekundu, na wanyama, na sehemu nyingine mchoro umepita juu ya mchoro mwingine. Wale hawakusubiri ukurasa safi. Nilirudi nikatumia karatasi moja wiki nzima, kila siku naongeza juu ya jana.

Mama Wawili
Mwanangu, hilo kauntabuku wino unapenya hadi upande wa pili, ndiyo maana linakukatisha tamaa. Nunua manila mbili. Kila moja ikunje katikati mara nne, ukate, unapata vipande 16. Mbili zinakupa 32: mwezi mzima na kimoja cha kuharibu. Na siku umechoka, chora kandambili zako, dakika kumi, ulale.

Peni Nyeusi
Shikamoo mama, manila nimeshazikata. Kile cha kuharibu nimekiharibu tayari.

Nimejaribu kijidaftari siku mbili, nina mistari saba. Ninaoupenda: "konda anahesabu chenji, noti ya elfu tano ameiuma kwa meno, huku anaita abiria." Mbishi, sikio la tembo nalichukua. Fundi, yule mbuzi yuko mtaa gani nikamwangalie?

Fundi Mabango
Nyuma ya soko la Majengo. Ila tangazo kashalimaliza.