Wakuu, slabu yangu imefika nyuzi hasi 4,100. Naomba ushauri

MtuWaGoba: Habari zenu wakuu. Mradi wa mwaka wa mwisho: joto linavyopenya slabu ya zege ya sentimita 15, ghorofa la Sinza, jua la Februari. Natumia mbinu ya tofauti finiti kwenye Excel: slabu nimeigawa kwa nodi, yaani vituo vya kukokotolea joto, na kila kituo nakikokotoa hatua kwa hatua ya muda. Joto jipya la nodi = joto lake la sasa + r × (jirani wa juu + jirani wa chini − mara mbili ya joto lake). Ilikuwa imetulia, ghafla imechachamaa. Nusu saa tu ya hesabu, nodi moja ina 4,700, jirani yake hasi 4,100. Nawasilisha Jumatatu, usingizi sina.

FundiMbagala: Mimi nalala chini ya bati tupu bila dari, na hakuna aliyeniletea Excel. Pakeni bati rangi nyeupe, mtaona tofauti.

Mkwaju: Mkuu, nodi zimeachana kiasi gani? Na hatua ya muda ni dakika ngapi?

MtuWaGoba: Fomula ni ileile tangu mwanzo, sidhani kama tatizo liko huko. Labda Excel yangu ina virusi.

Mkwaju: Nimeuliza namba, sijauliza virusi.

MtuWaGoba: Hatua ni dakika 10. Nodi zilikuwa kila sentimita 5, nikashauriwa niweke kila sentimita 1 ili jibu liwe sahihi zaidi. Nami naona ni sahihi, nodi nyingi si ndiyo ubora?

Mkwaju: Ndiyo hiyo sasa. r ni mtawanyiko wa joto (kasi ya joto kusambaa ndani ya zege) × hatua ya muda ÷ umbali wa nodi kwa kipeo cha pili. Zege ni kama 0.0000007 m² kwa sekunde. Kwa sentimita 5, r yako ilikuwa 0.17. Kwa sentimita 1 ni 4.2, na kikomo ni 0.5. Ikivuka hapo, (1 − 2r), yaani kinachozidisha joto la nodi yenyewe kwenye fomula yako, inakuwa hasi: nodi ikiwa ya moto sasa, fomula inaisukuma iwe baridi hatua ijayo. Punguza hatua iwe sekunde 60, r itakuwa 0.42.

MtuWaGoba: Mistari 1,440 kwa siku moja! Nimeshaweka IF: ikizidi 70 iwe 70, ikishuka chini ya 20 iwe 20. Grafu inapendeza.

BintiWaUpanga: Jamani! Hiyo si fizikia, ni kinyozi. Excel ina mistari zaidi ya milioni. Au tumia mbinu ya Crank na Nicolson ya mwaka 1947, haichachamai hata hatua ikiwa kubwa.

MzeeKapuku: Vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Sisi tulikokotoa kwa mkono, tena kwa kibatari.

MwanaTemeke: Chai hii. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hajui r? Halafu uzi wako wa juzi uliandika "mteja wangu wa mradi wa slabu". Mteja gani?

MtuWaGoba: Mteja ni lugha tu, mkuu. Namsaidia mdogo wangu wa kike.

BintiWaUpanga: Asubuhi ulikuwa unawasilisha wewe. Msimamizi akimuuliza huyo mdogo wako r ni nini, atajibu IF?

FundiMbagala: Yote tisa, kumi wewe unatoza bei gani? Nina mpwa mwaka wa nne.

MtuWaGoba: Njoo inbox.